Shamba la Nabothi Jukwaani: Dhidi ya Mafunzo Mepesi ya Imani katika Ngaahika Ndeenda

Mchezo ukipendwa na wengi haukawii kutafutiwa mafunzo ya dini. Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, haikuepuka mkondo huo. Tamthilia hii iliyosheheni nyimbo na ngoma ilitungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa ushirikiano na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Leseni yake ikafutwa tarehe 16 Novemba. Na kabla ya mwaka mwingine kuingia Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kutiwa kizuizini. Iliporejea jukwaani katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, Mei 2022, kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, hakutokea wa kuipiga marufuku. Hatari inayoikabili sasa ni ya upole zaidi, nayo ni kubatizwa.

Usomaji unaoibatiza unajulikana. Gathoni anapata mimba nje ya ndoa, basi vijana na wajiepushe na zinaa. Kĩgũũnda anaishia ulevini, basi pombe ni mwovu wa nyumba. Kĩoi ana tamaa, basi kila mtu na aridhike na alichojaliwa. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Kayole na Dandora, ambako mara nyingi kanisa ndilo lenye ukumbi, vipaza sauti na vijana walio tayari kuigiza, si vigumu kuona kwa nini usomaji huo unavutia. Haustahili kudharauliwa eti kwa sababu unatoka kwa watu wasiosomea uhakiki. Unastahili kupingwa kwa sababu unasoma vibaya. (Aidha, wanaokemea pombe wangekumbuka kwamba jina la tamthilia lenyewe limetokana na wimbo wa mlevi.)

Upande wa pili wamesimama wahakiki wa vyuo vikuu wanaoshikilia kwamba swali lenyewe halina maana. Kwao, itikadi ya tamthilia ni ya kitabaka, dini ndani yake ni kasumba, na anayetafuta Injili humo anatafuta maji jangwani. Hoja yao huegemea hotuba ya Machi 1970, ambapo Ngũgĩ aliuambia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki kwamba yeye si mtu wa kanisa. Lakini tamko la mtunzi nje ya kazi yake haliwezi kufuta kilichomo ndani ya kazi hiyo. Mtu anaweza kuliacha kanisa na Biblia ikabaki katika kalamu yake.

Kinachoshangaza ni kwamba pande zote mbili zimepita mbele ya jina la mhusika bila kusimama. Kĩoi anaitwa Ahab. Mkewe anaitwa Jezebel. Hakuna mzazi Mkristo, wa Limuru wala wa Buruburu, anayempeleka mwanawe kisimani kubatizwa kwa majina hayo. Watunzi wameyachagua makusudi, nayo yanamrejesha msomaji kwenye Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu analitaka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi. Anaahidi kulilipia fedha au kutoa jingine lililo bora. Nabothi anakataa kwa kuwa shamba hilo ni urithi wa baba zake. Mahubiri mengi huruka kutoka hapo hadi kwenye mauaji, huku yakiacha jambo lililo muhimu kuliko yote. Yezebeli anaandika barua kwa muhuri wa mfalme, na agizo la kwanza katika barua hizo ni kwamba watu watangaziwe mfungo. Shtaka ambalo Nabothi anapigiwa mawe ni kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Ardhi ile ilinyakuliwa kwa kutumia ibada, na wazee wa mji waliotekeleza agizo hilo walikuwa wamefunga.

Muundo wa Ngaahika Ndeenda umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu, na hati yake ya kumiliki ardhi imetundikwa ukutani. Hapa pia kuna barua: inamtaka auze kipande hicho ili kijengwe kiwanda cha dawa za wadudu, mali ya wageni na washirika wao wenyeji. Barua inaposhindwa, Kĩoi anakuja mwenyewe, na hazungumzii ardhi hata kidogo. Anazungumzia dhambi. Kĩgũũnda na Wangeci walioana kwa mila. Basi, kwa mujibu wa Kĩoi, wanaishi katika uzinzi na hawana budi kufunga ndoa kanisani. Wazazi hao, wakidhani kwamba nyuma ya maneno hayo iko posa ya binti yao Gathoni, wanakubali. Harusi ya kanisani inahitaji fedha. Hati inashuka ukutani na kwenda benki kuwa dhamana ya mkopo. Mfungo wa Yezebeli umegeuka kuwa harusi.

Kutokana na muundo huo, fundisho juu ya Gathoni linaporomoka. Aliyempa mimba ni John, mwana wa nyumba ile ile iliyokuja kuhubiri usafi wa ndoa, na jina lake la ukoo ni Mũhũũni, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Anayemhukumu binti huyo kwa jina la imani amekwenda kuketi sebuleni kwa Kĩoi.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Nabothi alikataa, Kĩgũũnda alikubali. Katika igizo la harusi anayoiota anaitwa Winston Smith, na mkewe Rosemary Magdalene. Wote wawili wanafurahia. Kilichomponza ni shauku ya kuonekana mtu wa heshima machoni pa wale wanaomdharau. Likiwapo fundisho la imani katika tamthilia hii, linaanzia hapa, na halimpendezi mhubiri wala muumini. Tena Eliya hayupo. Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwandani, anakaribia nafasi yake, ila hotuba zake ni ndefu mno na mara kwa mara zinanuka darasa kuliko jangwa la Mtishbi. Huo ni udhaifu wa kifani ambao wafuasi wa tamthilia hawapendi kuukiri. Hukumu ambayo katika Biblia inatamkwa na nabii mmoja, hapa inaimbwa na umati wa wafanyakazi mwishoni.

Kuimbwa huko si pambo. Sehemu ya gĩtiiro, yaani majibizano ya nyimbo za arusi za kimila, watunzi walifundishwa na mwanamke wa Kamĩrĩĩthũ asiyejua kusoma, nayo inawekwa bega kwa bega na ibada ya kanisani ili mtazamaji asikie kwa masikio yake ni ndoa ipi iliyo na jamii nyuma yake. Waumini maskini wanaokuja kuomba mchango wa harambee ya kanisa wanachekwa, lakini wanapewa wimbo. Kama dini ingekuwa kasumba tupu, kama wanavyodai wahakiki wa kundi la pili, watunzi wasingehitaji kuazima sauti yake.

Katika Eastlands swali hili halina budi kuulizwa kwa namna nyingine. Mtaani Jerusalem mtu anatembea muda mfupi tu akafika Jericho, na katika mitaa hiyo miwili yenye majina ya Biblia wakazi wengi wameishi kwa miongo mingi wakiwa wapangaji wa baraza la jiji, bila hati yoyote ya kutundika ukutani. Muoroto, kando ya kituo cha mabasi ya mashambani, ilibomolewa mwaka 1990. Baadhi ya viongozi wa makanisa walipaza sauti kulaani. Mei 2020, katikati ya janga la korona, maelfu walifukuzwa Kariobangi. Nayo Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, haikuyaacha mashirika ya dini nje ya orodha ya walionufaika. Mhubiri anayetaka kuihubiri tamthilia hii huko angeanza kwa kuuliza kiwanja alichosimama kilipatikanaje.

Zaidi ya hayo, asiongeze onyesho la Kĩoi akitubu, kama inavyoshawishi kufanya. Ahabu wa Biblia, baada ya kusikia hukumu ya Eliya, alirarua mavazi yake, akavaa gunia na kufunga. Kĩoi wa tamthilia hafanyi lolote katika hayo. Mkopo haulipiki, shamba linapigwa mnada, naye analichukua.