Wapanda farasi wana kitabu, wapagazi wana soko tu

Wafanyabiashara wa Bujumbura wanaofuata bidhaa Dar es Salaam wanaijua Kariakoo vizuri. Lakini ni wangapi wetu tunaojua kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza?

Agosti 1914, walowezi wa Kizungu walijiandikisha kwa hiari mjini Nairobi katika kikosi cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Wengine walikuja na farasi wao, wengine na nyumbu. Walikuwa watu mia kadhaa tu. Novemba 3, 1914 walipigana na Wajerumani huko Longido, kaskazini mwa Tanzania ya leo.

Anayetaka kuchunguza habari zao hahangaiki sana. Shajara za vita za jeshi la Uingereza zimehifadhiwa Kew, London. C. J. Wilson naye aliandika kitabu kizima kuhusu kikosi hicho, kikatoka mwaka 1938.

Je, wapagazi? Hesabu ya Waingereza wenyewe inakiri kuwa waliokufa walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Walio wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Sisi Warundi vita hivyo vilitufikia nyumbani. Juni 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na Septemba likaiteka Tabora. Mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Faili za Wabelgiji ziko Brussels. Za Wajerumani ziko Berlin, na nyingine ziko hapo hapo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa. Lakini ziliandikwa na waliotoa amri, si na waliobeba.

Wapo watakaosema kuwa masimulizi ya wazee si ushahidi. Sikubaliani nao. Nchini Kenya, mtafiti Geoffrey Hodges aliwahoji wapagazi wa zamani, akayaweka maneno yao kando ya faili za serikali. Kwetu waliobeba wamekwisha kufa, ila wajukuu wao bado wapo. Tuwaulize: babu alitoka kilima gani, nani alimchukua, alipita njia ipi, alirudi au hakurudi? Majibu hayo tuyaandike, kisha tuyalinganishe na faili.

Mimi nilisomea ukimbizini mkoani Kigoma, na leo nafundisha watoto wa waliorejea. Naona kadi za mgao, vyeti vya shule na karatasi za kurudi nyumbani zikiozea mabatini. Ndugu zangu, hizo ndizo shajara zetu. Tusipozitunza, miaka mia ijayo habari zetu zitasomwa katika faili za waliotuhesabu tu, kama zinavyosomwa leo za wapagazi.