Ndaga Muntu ya Bure, Lakini Bure kwa Nani?



Katika tawi letu huku Makindye liko swali ambalo wengine hawapendi liulizwe mkutanoni. Watu wanaolala kwenye baraza za maduka ya Katwe na kando ya reli Namuwongo, chama cha wafanyakazi kina kazi gani nao? Si wanachama, hawatoi ada ya chama, wengine hata majina yao hatuyajui. Mimi nasema tunayo kazi nao, tena kubwa, na ya kwanza ni kuwasaidia wapate ndaga muntu bila kutoa hata senti moja.

Nianze na kisa nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2019 alikuwako kijana aliyekuwa akipakia magunia kwenye ghala moja ninalolijua. Malipo yake yalikuwa shilingi 7,000 kwa siku, siku kazi ikipatikana. Mwenye nyumba akamtoa chumbani kwa deni la miezi miwili, akaanza kulala barazani. Usiku wa tatu wezi wakamchukulia suruali aliyokuwa ameifanya mto, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake. Ada ya kupata kadi nyingine wakati huo ilikuwa shilingi 50,000. Piga hesabu, ndugu: abebe magunia siku saba, asile, asinywe chai, asinunue hata sabuni, na bado apungukiwe shilingi 1,000.

Nilikwenda naye kwa mwenyekiti mmoja wa LC kuomba barua. Mwenyekiti akauliza, huyu anakaa nyumba gani? Nikamjibu kwa ukweli kwamba hana nyumba. Akasema basi si mtu wa kijiji changu. Hatujainuka kwenye benchi akaongeza kwamba kwa shilingi 10,000 anaweza kuwa mtu wa kijiji chake.

Kule ghalani mambo yakawa mabaya zaidi. Mshahara ulikuwa unapitia kwenye simu, na tangu serikali ilipokaza amri mwaka 2017 huwezi kuandikisha laini ya simu bila kitambulisho. Laini yake nayo ilikwenda na wezi. Ikabidi fedha zake zitumwe kwa namba ya mwenzake, na mwenzake akawa anakata 1,000 kila siku kama kodi. Akiba ya NSSF hakuwekewa. Alipoumia mguu, kitabu cha ghala hakikuwa na jina lake, kwa hiyo fidia hakuna. Msimamizi alisema huyo mtu hamjui.

Sasa sikilizeni hapo, maana ndipo chama kinapoingia. Mtu asiye na karatasi ndiye tajiri anayempenda. Haandikwi, hadai, akifukuzwa hana pa kushitaki. Sisi tukidai nyongeza, anatuonyesha mlango na kusema nje wako watu watakaofanya kwa nusu. Kweli wapo, na baadhi yao wanakubali nusu kwa sababu hawawezi kuandikwa popote. Sheria ya NSSF ilirekebishwa mwaka 2022, sasa kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja, asilimia 10 yeye na asilimia 5 mfanyakazi. Ni sheria nzuri. Lakini itamfaa nini mtu ambaye hawezi kuthibitisha jina lake mwenyewe?

Najua nitajibiwa kwamba kitambulisho ni bure. Kuandikishwa mara ya kwanza ni bure kweli, na katika uandikishaji mkubwa ulioanza Mei 2025 hata kubadilisha kadi zilizokwisha muda kulikuwa bure. Sikatai. Lakini bure hiyo ina nauli, ina fotokopi, ina barua ya LC, ina siku nzima ya foleni isiyolipwa. Mfanyakazi wa mashamba ya miwa anajua siku moja bila kibarua maana yake nini nyumbani. Na mtu wa barazani, hata akiwa na nauli, anakwama pale fomu inapouliza kijiji anachoishi.

Wazee wetu waliwahi kuionja shida ya karatasi. Nakumbuka nikiwa mdogo baba yangu akitoka alfajiri kupitia migombani ili asikutane na askari wa kodi ya kichwa, maana aliyekosa tikiti alifungwa kamba na wenzake kama mbuzi wa mnada. Kodi ile iliondolewa mwaka 2005. Maskini wa mjini waliendelea kukamatwa kwa sababu nyingine, kwamba ni wazururaji, mpaka Mahakama ya Katiba ilipofuta vipengele viwili vya kosa hilo mwezi Desemba 2022. Zamani ulikamatwa kwa kukosa karatasi. Leo hukamatwi, bali unapitwa tu kana kwamba hupo.

Wengine wanaogopa kwamba tukilegeza, wageni watajipenyeza. Hofu hiyo naiheshimu, lakini haihusiani na ada. Mgeni mwenye fedha hazuiwi na shilingi 50,000, anayezuiwa ni Mganda asiyenazo. Alama za vidole zipo, na maofisa wa kuhakiki wapo. Kule Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kuwasamehe wasio na makazi ada ya kitambulisho na ya cheti cha kuzaliwa. Mtu anatia sahihi kwamba hana makazi, na anayemhudumia anatia sahihi kuthibitisha. Basi na kwetu imamu, padri, au katibu wa tawi la chama anayemwona mtu kila asubuhi getini, kwa nini asikubaliwe kuwa shahidi?

Ninachotaka tudai ni hiki. Barua ya LC kwa mtu asiye na makazi itolewe bila malipo na bila kuuliza nyumba. Aliyeibiwa, kuunguliwa au kubomolewa kibanda asitozwe ada ya kadi mpya. Waajiri watoe siku moja yenye malipo kwa kila kibarua anayekwenda kujiandikisha. Na sisi wenyewe, kila tawi liwe na daftari la namba za vitambulisho vya wanachama, likifungiwa kabatini, kwa sababu kadi ikipotea namba haibadiliki, na ni wachache wanaoweza kukariri herufi na tarakimu 14.

Yule kijana nilimtafuta Katwe mwaka 2025 uandikishaji ulipofunguliwa. Mama muuza chapati aliniambia aliondoka zamani, akichechemea. Hoja hii nitaileta kwenye mkutano wa tawi. Anayepinga aje apinge mbele ya wanachama.