VIPANDE VYA CHUPA: TUVIZIKE AO TUVIYEYUSHE?



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa la saba alikatwa mguu na kipande cha chupa pembeni ya kiwanja cha mpira. Damu ilitoka mingi. Kesho yake sisi wote tulipewa kazi ya kuchimba shimo na kuzika vipande. Tulichimba, tukazika, tukanawa mikono. Lakini kila mtu anayejua mvua ya Epulu anajua mambo yatakayofuata. Mvua itafukua, vipande vitatoka tena, na mtoto mwingine atakatwa. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kioo kisizikwe, kiyeyushwe. Na kazi hiyo inaweza kufanyika hapahapa nyumbani.

Wengine watacheka. Watasema kioo ni kazi ya fabrike na ya wazungu. Hapana. Kule Ghana, katika inchi ya Wakrobo, watu wanatwanga chupa kuukuu katika kinu, wanachekecha unga wake, kisha wanaumimina katika kalibu za udongo. Ndani ya kalibu wamepaka udongo mweupe ili kioo kisishikane nayo. Katikati ya kila shimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Motoni kijiti kinaungua, tundu la kupitisha uzi linabaki. Hata tanuru lao wanalijenga kwa udongo wa kichuguu. Sasa tuulizane: kinu tuko nacho? Muhogo tuko nao? Vichuguu je? Basi tunakosa nini?

Tena kazi hii si ya jana. Huko Mapungubwe, Afrika ya Kusini, karibu miaka 1000 iliyopita, watu walichukua ushanga mdogo uliotoka ng'ambo ya bahari, wakauyeyusha katika kalibu za udongo, wakapata ushanga mkubwa wa kwao wenyewe. Na sisi wa Ituri? Katika karne ya 19 wachuuzi wa pembe waliotoka pwani walileta ushanga pamoja na Kiswahili hiki tunachoandika. Kiswahili tulikifanya chetu. Ushanga, mpaka leo tunanunua tu.

Lakini tusidanganyane, kioo kiko na sheria zake. Wakati wa likizo watatu kati yetu tulijaribu nyumbani. Tulikata chupa sita kwa uzi uliolowa petroli, tuzifanye vikombe. Ukingo wake ulikuwa mkali, ungepasua mdomo. Tukasikia kwamba moto unaulainisha. Tukashika ya kwanza, tukaweka ukingo wake juu ya makala. Tii! Ilipasuka palepale, sababu upande mmoja ulikuwa wa moto na mwingine wa baridi. Zilizobaki tuliziweka ndani ya chungu chenye kifuniko, tukakizungushia makala, tukapandisha moto polepole. Tulipochungulia, chungu kilikuwa chekundu na ukingo ulikuwa laini unang'aa, kama umelambwa. Tulifurahi sana. Kwa furaha hiyo tuliacha kifuniko wazi ili kila mtu aone. Asubuhi tulikuta nne zimepasuka. Moja tu ilipona, ile iliyokuwa chini kabisa, imefunikwa na majivu.

Hapo tulijifunza. Kioo cha chupa kikifika karibu digri 700 ukingo wake unalainika. Karibu digri 800 kinaanza kujaza kalibu. Watu mingi wanafikiri kazi imekwisha hapo. Kumbe shida iko katika kurudi. Karibu na digri 550 lazima kipoe polepole sana, ndani na nje pamoja, kama sivyo kinaficha nguvu mbaya ndani yake na kitapasuka, leo ao kesho. Pia usichanganye chupa za namna mbalimbali katika kalibu moja, maana kila moja inajikunja kwa kipimo chake, nazo zitaachana.

Kuna hatari nyingine ambazo hatutaki kuzificha. Unga wa kioo unaharibu mapafu: utwangwe ukiwa umelowa maji, na pua ifungwe kitambaa. Taa ndefu za umeme zisiguswe, ndani yake kuna zebaki. Vioo vya televizyo vya zamani vina risasi. Chupa za dawa kutoka hospitali zibaki hospitali. Na watoto wa darasa la saba wakae mbali na moto.

Neno zito zaidi ni makala. Tunaishi ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996. Kukata miti ya pori ili tupate ushanga, hiyo itakuwa aibu. Mtu akituambia hivyo, tunakubali. Ndiyo sababu hatuombi moto mpya. Tunaomba ule ambao unawaka tayari. Kila wakati watu wanapochoma matofali, tanuru linawaka siku na siku, kisha linapoa pole pole kwa siku nyingi bila mtu kulifungua. Kupoa kwa namna hiyo ndiko kioo kinataka! Kalibu zetu ndogo zikiwekwa pembeni, mahali moto si mkali sana, hazitaongeza hata kipande kimoja cha kuni. Pengine kioo kitatoka cheupe kama maziwa, kwa kukaa motoni mda mrefu. Si kitu. Ushanga mweupe nao unavaliwa.

Kwa hiyo, Bwana Prefe na walimu wetu, tunaomba vitu vitatu: pipa moja la kukusanyia vipande, mwalimu mmoja wa kutusimamia, na ruhusa ya kuongea na wachoma matofali. Na ninyi wanafunzi wenzetu, ukiona kipande njiani usikipige teke majanini. Kiokote, kitie ndani ya pipa.

Wazee wanasema haraka haraka haina baraka. Tulisikia neno hilo tangu utoto, lakini chupa nne zilizopasuka ndizo zilitufundisha maana yake. Ile ya tano iko juu ya meza katika salle ya tatu. Njooni muinywee maji.

Sisi wanafunzi wa tatu ya umanite