Ukoma kando ya ziwa: Kinga ya mwili inapoumiza neva, mpaka usikate tiba

Mfanyabiashara wa Bugarama ya Rumonge anaishi kwa mikono yake: anafunga magunia ya ndagala, anabeba madumu ya mawese, anahesabu noti za zaidi ya nchi moja. Vidole vikifa ganzi, biashara nayo inayumba. Ndiyo maana ukoma, ugonjwa ambao wengi wanadhani umekwisha, bado unamhusu.

Kongo na Tanzania, majirani wa Burundi katika Ziwa Tanganyika, zimo katika orodha ya nchi 23 zilizopewa kipaumbele na Shirika la Afya Duniani, WHO, katika vita dhidi ya ukoma. Burundi haimo, lakini boti za Kigoma na Baraka hazisomi orodha.

Adui wa ndani

Bakteria wa ukoma hupenda neva za pembeni, zile zinazopeleka hisia na nguvu mikononi, miguuni na usoni. Hujificha ndani ya seli za Schwann, zinazoizunguka neva kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Huzaliana polepole mno: dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na zinaweza kuchelewa hadi miaka 20.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara hutokana na askari wa mwili wenyewe. Mwaka 2017, utafiti uliochapishwa katika jarida la Cell, uliofanywa kwa samaki wadogo wanaoonekana hadi ndani, ulionyesha kwamba seli za kinga ziitwazo makrofaji, zikikutana na kemikali ya bakteria hao, hutoa gesi ya nitriki oksaidi. Gesi hiyo huharibu mitokondria, yaani vinu vya nishati vya neva. Ni kama sungusungu wanaochoma nyumba ili kumtoa mwizi.

Kwa binadamu, seli nyingine za kinga, limfosaiti T, zinaweza kuamka ghafla na kuivamia neva. Neva huvimba ndani ya ala yake, ikajibana na kuuma. Madaktari huita hali hiyo mjibizo wa ukoma. Inaweza kutokea kabla ya tiba, wakati wa tiba, au hata baada ya dozi kumalizika, kwa sababu mabaki ya bakteria waliokufa bado huichokoza kinga.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mgonjwa anaona vidole vinalegea akiwa kwenye dawa, anadhani dawa ndizo zimemdhuru, anaziacha. Kinyume chake, anapaswa kurudi kituoni haraka. Daktari huweza kumpa prednisoloni ya kutuliza kinga huku dawa za kuua bakteria zikiendelea. Neva iliyoumia kwa muda usiozidi miezi 6 ina nafasi nzuri zaidi ya kupona. Ikichelewa, ulemavu unaweza kubaki. Prednisoloni si ya kununua dukani na kujipimia, kwani hudhoofisha kinga dhidi ya maradhi mengine.

Kalenda ya dawa na ya soko

Dozi ya ukoma huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina, na sehemu yake humezwa kila mwezi mbele ya mhudumu wa afya. Mtu anayelala leo Rumonge na wiki ijayo Kigoma anaweza kukosa siku hiyo. Dawa zimetolewa bure kupitia WHO tangu 1995. Kinachokwamisha ni safari.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Jumuiya inayorahisisha mzigo kuvuka inapaswa pia kuruhusu kadi ya matibabu ivuke: mgonjwa aliyeanza tiba Rumonge apokewe Kigoma au Baraka bila kuanza upya.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Baka lisilo na hisia, ganzi ya vidole, mguu unaoburuta au kope zisizofunga ni sababu ya kwenda kituoni wiki hiyo hiyo. Ukoma hauambukizi kwa kupeana mkono wala kwa noti, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza tiba. Anayemtenga mwenzake sokoni humfundisha kuficha ganzi, na kila mwezi wa kuficha ni mwezi mmoja unaotolewa katika ile 6 ya kuokoa mkono.