Juba: Miezi Mitano Kabla ya Risasi

Ukiuliza kwa nini Sudan Kusini iliingia vitani Desemba 2013, ikiwa na umri wa miaka miwili na ushei tu, jibu la haraka ni ukabila: Wadinka na Wanuer. Jibu hilo linawafaa sana viongozi, maana linawatoa hatiani. Mimi silikubali.

Tarehe 6 Desemba Riek Machar, aliyekuwa makamu wa rais, aliita waandishi wa habari mjini Juba, akamshutumu Rais Salva Kiir kwa kukiendesha chama cha SPLM kibabe. Kiir ni Mdinka, Machar ni Mnuer. Lakini katika kambi yake walikuwamo Rebecca Nyandeng, Mdinka na mjane wa mwanzilishi wa chama, John Garang, na Pagan Amum, Mshiluki aliyekuwa katibu mkuu wa chama. Mpasuko ulikuwa wa kisiasa.

Waligombania nini? Uenyekiti, na pamoja nao tiketi ya urais wa 2015. Ndani ya ugomvi huo palikuwa na jambo linaloonekana dogo: katiba mpya ya chama iruhusu kura ya siri, au wajumbe wanyooshe mikono? Hebu jiweke katika nafasi ya mjumbe. Mwenyekiti anayekutazama ndiye Rais, ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na kwa kalamu yake umepata cheo, gari na walinzi. Utaunyoosha mkono dhidi yake? Na nje ya serikali hapakuwa na pa kwenda, kwa kuwa karibu mapato yote ya nchi yalitoka kwenye mafuta. Mwaka 2012 Kiir mwenyewe aliwaandikia vigogo waliokuwa madarakani na waliostaafu, akiwataka warudishe takriban dola bilioni 4 zilizopotea. Kukosa cheo kulikuwa kukosa kila kitu.

Jeshi nalo halikuwa moja. Baada ya mkataba wa 2005, wanamgambo waliopigana na SPLA, jeshi la SPLM, waliingizwa humo pamoja na makamanda wao, wengi wao Wanuer. Amani ilinunuliwa kwa vyeo, lakini utii wa askari ukabaki kwa kamanda wake. Katika hali hiyo, kura ya chama ilikuwa suala la bunduki hata kabla haijapigwa.

Julai 23, 2013, Kiir alimfukuza Machar umakamu wa rais na kuvunja baraza lote la mawaziri. Katiba ilimruhusu, na Machar alikubali hadharani kwamba ni haki ya Rais. Ila kilicho halali si lazima kiwe cha busara, na Kiir hakuitisha suluhu yoyote ya kweli kwa karibu miezi mitano. Desemba 14, akifungua kikao cha chama, aliamua kukumbusha 1991, mwaka ambao Machar alijitenga na Garang na Wadinka wengi wakauawa Bor. Hapo ndipo ninapomlaumu zaidi. Alijua anagusa kidonda gani, na mbele ya nani. Kesho yake Machar na wenzake walisusa, na usiku huo walinzi wa Rais wakaanza kupigana wao kwa wao.

Desemba 16 Kiir alitokea kwenye televisheni amevaa magwanda badala ya suti, akatangaza jaribio la mapinduzi. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo haikuona ushahidi wa mapinduzi. Ilichokiona ni Wanuer waliosakwa nyumba kwa nyumba. Mtaani Gudele mamia walirundikwa katika jengo la polisi, wakamiminiwa risasi. Machar naye hasafishiki: alijiweka kuwa kiongozi wa walioasi, na watu wake waliua raia Bor na Bentiu.

Na sisi majirani? Uganda ilipeleka wanajeshi mwezi huohuo, upande wa Kiir. IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, ilifungua mazungumzo Addis Ababa Januari 2014, na CCM, chama tawala cha Tanzania, ikawapatanisha wana-SPLM Arusha mwaka 2015. Kazi hiyo ya Arusha, ya kukaa na chama kimoja kuhusu uongozi wake, ilihitajika Agosti 2013, wakati wahusika wote walikuwa bado Juba, bila magwanda. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Safari hii Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wakuu wetu hawana sababu ya kungoja risasi ndipo waende Juba.