JIWE LA FIGO NA SIKU ZETU ZA UGONJWA

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wazaliwa wa Tabaka twajua mawe. Mchimbaji akikuta jiwe kubwa mno, halivuti likiwa zima. Hulivunja humo humo shimoni akatoa vipande. Siku hizi madaktari hufanya vivyo hivyo kwa mawe makubwa ya figo, na jambo hili latuhusu sisi wa reli.

Jiwe la figo hufanyika wakati chumvi katika mkojo zinapozidi na maji mwilini yanapopungua. Mtu wa gengi ashindaye juani na chupa moja ya maji yumo hatarini. Jiwe dogo huweza kutoka lenyewe, lakini lililozidi sentimita 2 ni shida. Zamani mgonjwa alipasuliwa ubavuni mkato mrefu, akakaa wiki nyingi asiweze kuinua taruma. Mwaka 1976 madaktari wa Sweden, Fernström na Johansson, walionyesha njia nyingine. Mgonjwa hulazwa usingizi, hutobolewa tundu la kama sentimita 1 mgongoni, mrija hupitishwa mpaka ndani ya figo, jiwe likavunjwa na vipande vikatolewa. Hatari zipo, kama kutokwa na damu au kupata homa, lakini wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Jumla ni siku 14. Aliyetobolewa tundu dogo huenda akarudi kazi nyepesi katika siku hizo. Aliyepasuliwa ubavu hawezi. Basi akosaye njia ile mpya hukosa na mshahara pia. Na ndugu zetu wachongaji wa Tabaka, wasio na tajiri, hawana hata siku moja ya malipo.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi. Mimi sikubali. Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu yakatwa asilimia 2.75 kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye kukatwa ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo naomba viongozi wetu wafanye mambo matatu. Kwanza, waiandikie Mamlaka, ijibu kwa maandishi ni kiasi gani hulipia kazi hii, na katika hospitali zipi zilizo karibu nasi. Pili, katika mapatano na mwajiri wadai siku zaidi kwa aliyepasuliwa, na kazi nyepesi arudipo. Tatu, kila gengi lipewe maji safi ya kutosha, maana jiwe likishatolewa huweza kurudi kwa mtu asiyekunywa maji.

Nitalileta neno hili katika mkutano wa tawi. Njooni mliunge mkono.

Ni mimi,
Mtu wa Gengi, mzaliwa wa Tabaka