Risasi Haigeuki Maji



Tangu Simba wa mwaka 1964 waliotumainia «mai ya Mulele» hadi vikundi vya Mai-Mai vya siku zetu, vijana wa nchi hii wameambiwa kwamba dawa hugeuza risasi kuwa maji. Sisi makatekista tunasema wazi: huo ni uongo, nao umeua.

Mwishoni mwa karne ya 19, Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa Uswisi, alifyatua risasi katika vyombo vilivyojaa maji ili aelewe vidonda vya vita. Maji hayakuizima nguvu ya risasi. Yaliieneza pande zote, hata chombo kikapasuka. Nao mwili wetu, zaidi ya nusu yake ni maji. Risasi ya kasi huponda nyama iliyo njiani mwake, kisha huisukuma ile ya kando kwa ghafula. Pafu, lenye hewa na kunyumbuka, huenda likastahimili msukumo huo, ini hupasuka. Mfupa ukivunjika, vipande vyake hukata zaidi. Hata nguo na uchafu huingizwa ndani. Kwa hiyo tundu dogo la ngozi laweza kuficha maangamizi makubwa.

Wenye dawa wana jibu: aliyekufa alivunja mwiko. Tazameni ubaya wa jibu hilo! Dawa haishindwi kamwe. Mkosefu ni maiti. Mama anazika mtoto wake, na juu ya kaburi analetewa aibu. Naye mwenye dawa anakwenda kutafuta kijana mwingine.

Wengine watatuuliza: kijiji kikishambuliwa, nani atakilinda? Hatulidharau swali hilo. Lakini anayehitaji uongo ili apate wapiganaji, huyo halindi watoto wa kijiji, anawatumia.

Maji ya ubatizo hayakutuahidi ngozi isiyotoboka. Yezu mfufuka mwenyewe hakuvificha vidonda vyake, alimwonyesha Tomasi. Mwanafunzi wake asiogope basi kuutazama mwili uliojeruhiwa jinsi ulivyo.

Akija kwenu mtu na chupa yake, mwambieni ajipake kwanza, asimame yeye mbele. Na mkimkuta aliyepigwa risasi, msimwulize mwiko gani alivunja. Kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, mkamfikishe hospitalini upesi. Huo ndio upendo wa jirani.